Sahani juu ya kikaango

"Bibi siku hizi hageuzi chapati mwenyewe," mwanangu aliniambia Jumamosi asubuhi, amesimama kwenye stuli kando yangu, macho yake kwenye kikaango. "Anageuziwa na yule dada wa jirani. Halafu bibi alisema nisikuambie."

Nilikuwa na sahani mkononi. Mayai sita, mchicha, hoho, kitunguu, na kipande cha jibini nilichokuja nacho kutoka Njombe tulipotoka kwa mama. Nikafunika, nikageuza, nikairudisha motoni upande wa pili. Kisha nikazima jiko mapema kuliko inavyotakiwa, nikakaa.

"Nimemkosea bibi?" akauliza.

Sikumjibu. Mawazo yalikuwa yameshanirudisha Perugia, mji wa Italia, jikoni kwa Signora, asubuhi ya Pasaka ya 2013.

Nilipanga chumba kwake miezi tisa, nikisoma Kiitaliano kwenye chuo kinachotazamana na lile lango kubwa la mawe la Waetruski, watu wa kale wa huko. Alikaa ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba, lifti hakuna. Mimi nilimwita Signora, yaani Bi kwa Kiitaliano, yeye aliniita binti. Januari aliteleza kwenye ngazi hizo akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Hogo likafunguliwa mwanzoni mwa Machi, akawapigia simu watoto wake kuwaambia amepona.

Hakuwa amepona. Nililijua hilo kwa sababu ya birika. Wana birika lao dogo la kahawa, la vipande viwili, linalofungwa na kufunguliwa kwa kuzungusha. Kila asubuhi nililikuta mezani bado limefungwa, mashapo ya jana yake yamo ndani, naye amekaa mbele yake, mikono mapajani. Nalifungua, nalisuuza, naweka maji na kahawa, naliwasha. Akishakunywa anasema ahsante binti, tunaanza siku. Habari ya birika hatukuwahi kuizungumza hata mara moja.

Mwanawe wa kwanza aliishi Roma. Tangu Krismasi alikuwa akisema nyumba ile haimfai tena mama yake, ahamie kwake, kwenye jengo lenye lifti. Pasaka hiyo alikuwa anakuja kulimaliza jambo hilo. Signora alinieleza Jumamosi Kuu, tukitoka kanisani na kikapu cha mayai ya kuchemsha yaliyobarikiwa, na alinieleza huku anatazama mbele, kama anayesema habari za mtu mwingine.

Watu wa Umbria, mkoa ulipo mji wa Perugia, asubuhi ya Pasaka wanakula chakula kizito. Mezani kuna yale mayai ya kanisani, mkate mrefu wa jibini wanaouita torta, nyama ya nguruwe iliyokaushwa, na frittata, yaani mayai yaliyokaangwa kwa unene pamoja na mboga za majira hayo. Kwa Signora mboga yenyewe ilikuwa asparagasi za porini. Siku mbili kabla tulishuka kwenye mashamba ya mizeituni chini ya mji tukazitafute. Ni nyembamba kuliko kalamu, zinachomoza kando ya vichaka vyenye miiba, na unazivunja kwa vidole pale zinapokubali kuvunjika. Zikigoma, ujue hapo zimeshakomaa, panda juu kidogo. Msimu ndio ulikuwa unaanza, tukarudi na kifungu cha kujaa kiganja kimoja.

Usiku wa Jumamosi ndipo akaniuliza kama naweza kugeuza frittata.

Kugeuza naweza. Kaka yangu alikuwa na banda la chipsi karibu na stendi ya Makambako, na likizo zangu za sekondari ziliishia pale, nageuza chipsi mayai kwa sahani ya bati huku basi la Songea linapiga honi na abiria ananyoosha hela dirishani. Nilimwambia hivyo. Akacheka, akanishika shavu. Kisha akasema, bila kucheka sasa, kwamba iwe imeshageuzwa kabla hawajafika.

Usiku huo huo Ulaya walikuwa wanasogeza saa mbele. Za vyumbani tulizisogeza. Ile ya jikoni, iliyo juu ya mlango, tukaisahau. Basi asubuhi tunavunja mayai, saa ya ukutani inasema saa mbili, kengele za kanisa zikaanza kugonga na hazikukoma mpaka zikatimia saa tatu. Tukatazamana. Simu ikalia. Mwanawe, wameshapita Todi. Hapo imebaki kama nusu saa.

Kikaango kilikuwa cha chuma, cha mama yake, kizito kweli. Akamimina mafuta ya zeituni, akatia vitunguu majani, kisha asparagasi ambazo tayari alishazichemsha kidogo kupunguza uchungu. Mayai manane aliyapiga kwa mkono wa kushoto, taratibu, akachanganya na jibini ya maziwa ya kondoo niliyomkwaruzia, na majani machache ya mnanaa. Akamwaga, akapunguza moto. Halafu akasogea pembeni akaniachia nafasi mbele ya jiko. Miezi yote niliyokaa kwake hakuwahi kumwachia mtu nafasi hiyo.

Frittata inataka subira kuliko chipsi mayai. Nilingoja kingo ziachie chuma. Nikakitikisa kikaango, ikateleza yote kwa pamoja, katikati bado inatetemeka. Signora akapaka sahani mafuta kwa kidole, akaifudikiza juu. Nikaweka kiganja cha kushoto juu ya sahani, vidole nimevitanua, mkono wa kulia umeshika mpini uliozungushiwa taulo. Kaka alinifundisha kwamba mkono ukisita katikati ya safari yai linapasuka, na mimi siku hiyo nilisita kabla hata ya kuanza. Joto lilikuwa linapanda kupitia sahani mpaka kiganjani. Ndipo akanishika kiwiko. Alinishika kwa ule mkono mbovu, nikasikia vidole vyake vinavyojitahidi kubana na haviwezi. Vilikuwa vyepesi kama vya mtoto.

Nikageuza. Uzito wote ukahama mkono mmoja kwenda mwingine, ukatua kwenye sahani kwa mlio mdogo wa kitu chenye unyevu. Nikanyanyua kikaango. Ilitoka duara zima, rangi ya dhahabu iliyoiva, na vichwa vya asparagasi vimejichora juu yake kijani kibichi. Signora hakusema neno. Alibaki amenishika kiwiko mpaka nilipoitelezesha tena motoni, na baada ya hapo pia. Kisha tukasikia sauti za wajukuu ngazini, akaniachia, akajifuta mikono, akaniambia nivue aproni. Akaivaa yeye.

Mezani mwanawe alikula kipande cha kwanza akafumba macho. "Mama," akasema, "mkono wako ni ule ule."

Signora alikuwa anamkatia mjukuu mkate, au tuseme alikuwa ameushikilia mkate kwa kushoto huku mjukuu mwenyewe anakata. Akasema, "Asparagasi kazitafuta binti." Wote wakanigeukia. Mwana akaniuliza kama zilikuwa nyingi.

"Zilikuwa chache," nikasema. "Msimu ndio unaanza."

Kila neno lilikuwa kweli, na nilijua ninachofanya.

Habari ya kuhama ikasogezwa mpaka baada ya kiangazi. Julai nikamaliza kozi nikarudi nyumbani. Novemba jirani yake akaniandikia kwamba Signora ameanguka jikoni usiku, kavunjika nyonga, kalala sakafuni mpaka asubuhi jirani aliposikia anaita. Watoto wamemchukua Roma.

Sakafu ile naijua. Ni ya vigae vyekundu, baridi hata Juni unaisikia mpaka kwenye soksi. Nimeiwaza mara nyingi sana. Ningesema neno moja pale mezani, Novemba ingemkuta kwenye jengo lenye lifti, na mtu chumba cha pili.

Nilimwona mara moja tu baadaye, 2016, nilipopita Roma. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, karibu na dirisha, nywele zimechanwa vizuri, amevaa kizibao nilichokifahamu. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba msamaha, hata sentensi nilikuwa nimeifanyia mazoezi kwenye treni. Hakunipa nafasi. Alizungumza saa nzima juu ya nyanya alizopanda kwenye vyungu vya baraza lake kiangazi kile cha 2013, zilivyozaa mpaka matawi yakainama, alivyotengeneza chupa kumi na moja za mchuzi, nani alimpa chupa ipi. Alizitaja moja moja. Mkwewe alipokuja kutuletea kahawa alinyamaza, na mkwewe alipotoka akaendelea na chupa ya saba.

Sentensi yangu nilirudi nayo.

Mwanangu alikula mayai yake yaliyoiva upande mmoja akashuka kwenda kucheza. Kabla hajatoka nilimwambia hajamkosea bibi. Sina hakika kama nilimwambia kwa niaba ya bibi au kwa niaba yangu, maana mimi pia, juzi tulipokuwa Njombe, niliona mambo. Niliona chumvi ikipimwa kwa kidole badala ya kijiko. Niliona mama anafuata ukuta anapoelekea chooni. Nikasema kimoyomoyo ni usiku, mwanga hafifu, umeme wa kule.

Mchana nikampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mmefika salama? Mjukuu wangu hajambo?"

"Hajambo. Mmekula nini leo?"

"Ugali na majani ya maboga. Yametoka laini kweli."

"Nani kawasha moto?"

Nilisikia kuku uani, na mtu anayesukuma ndoo kwenye saruji.

"Kumbe kakwambia," mama akasema.