Doom wangu nilimpatia kwenye baraza ya shangazi

Niseme mapema mi penseli naijua. Tangu primari nachora, madaftari ya darasa zima kurasa za nyuma yalijaa Ndumilakuwili na Lodi Lofa niliokuwa nawaiga kwenye magazeti ya Sani ya zamani ya baba. Kilichokuwa kinanishinda ni wino. Nikishapitisha wino juu ya penseli mchoro unakufa palepale, mtu aliyekuwa anaruka anakuwa kama kabandikwa kwa gundi.

Sasa tuko watu sita hapa Tanga tunaopenda hizi komiki za masupahiro, Jumapili jioni tunakutana kule Jamhuri ufukweni, kahawa, kashata na ubishi. Ubishi mkubwa ni adui gani mkali kuliko wote, maana stelingi hana mjadala, stelingi hafi. Mmoja ye ni Joker tu, anasema toka 1940 anamsumbua Batman na hana nguvu yoyote ya ajabu zaidi ya kucheka. Mwingine Magneto, yule adui wa X-Men. Mi Doctor Doom, adui wa Fantastic Four, na sibadilishi, yaani mtu ana nchi yake mwenyewe, ana kiti cha enzi, ana jeshi la maroboti, na bado roho inamuuma kwa sababu ya mtu aliyesoma naye chuo. Huyo ni adui au ni jirani yako?

Ndo tukakubaliana kila mtu achore adui wake ukurasa mmoja, apake wino mwenyewe kwa mkono, kuchora kwenye simu hamna, alete baada ya mwezi.

Mwezi wenyewe nusu yake nimeipoteza kwenye wino. Nilienda stationari moja jirani na Mgandini nikaomba wino mweusi nikapewa kichupa, nikapaka usiku, asubuhi haujakauka, mchana haujakauka, kumbe nimepewa wino wa muhuri, na ule umetengenezwa makusudi usikauke upesi ili pedi isiwe kavu. Doom akahamia mkononi kwangu, akahamia kwenye kitambaa cha meza cha mama, na hapo sitaki hata kuhadithia. Nikajaribu wino wa kalamu, huo unakauka vizuri ila joto la Tanga mwezi wa pili mnalijua, tone moja la jasho likidondoka tu Doom anaanza kulia. Mwisho binamu yangu akanitumia kwa basi kutoka Kariakoo chupa ya wino wa India, ule wa kaboni, ukishakauka hata umwagie maji hautoki. Na karatasi ya fotokopi achaneni nayo, inanyonya, mstari unaota ndevu. Nikahamia kwenye manila.

Manila imenisaidia na jambo jingine. Kina Jack Kirby, mchoraji wa Fantastic Four, mwanzoni mwa miaka ya 60 walikuwa wanachora kwenye karatasi kubwa kama mara mbili ya ukurasa wenyewe halafu ndo inapunguzwa kiwandani, kwa hiyo mkono ukitetemeka kidogo msomaji haoni. Mi nilikuwa nabanana kwenye A4 nikidhani ndo uhodari.

Haya, wino ninao, karatasi ninayo, mstari bado umekufa.

Sasa shangazi yangu wa Ngamiani anachora piko na hina, maharusi wanamfuata mpaka kutoka Muheza. Ijumaa hiyo umeme ulikatika nikaitwa nikamshikie tochi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. We mbona mikono hiyo, umenawa kwa piko?"

Nikakaa na tochi yangu, sina cha kufanya, nikawa naangalia. Nikagundua vidole vyake havitembei kabisa! Kiwiko kimetua kwenye mto, mkono mzima ndo unaenda, na mstari ukitaka kukunja kona hapindi yeye, anamgeuza biarusi mguu. Na mi kule nyumbani karatasi nimeibana mezani na selotepu pembe zote nne, halafu najipinda mi kama pweza. Nilitamani nicheke.

La pili ndo likanimaliza. Anaanza na sehemu nyeusi, anajaza jaza tu vipande ambavyo havieleweki, ghafla ua linatokea. Nikamuuliza shangazi mbona huchori ua kwanza halafu ukajaza? Hata hakuinua kichwa.

"Ua nitalichora wapi na ngozi ndo ua? Mi nafukia pembeni."

Usiku huo sikulala. Nikafungua kwenye simu kurasa za Fantastic Four nilizonazo. Kwa wasiojua, kule Marekani kazi hii kwa kawaida ni ya watu wawili, mmoja penseli mwingine wino. Doom alipotokea mara ya kwanza, toleo la 5, 1962, penseli ni ya Kirby na wino ni wa Joe Sinnott, halafu Sinnott akarudi toleo la 44 mwaka 1965 na hapo ndo akakaa. Kurasa hizi nimeziangalia miaka, ila usiku huo nikawa naangalia weupe. Chuma cha Sinnott hakina kijivu, ni weusi mzito ukatike ghafla uwe weupe, pembeni kukali kama wembe, jicho lenyewe linasema hiki ni chuma kinang'aa. Nguo ni kinyume, mistari inaanza minene inaishia myembamba kama unywele. Mi nilikuwa nachora chuma na joho kwa mstari uleule, unene uleule! Mike Mignola, yule mchoraji wa Hellboy, ndo kavuka mpaka kabisa, anaweza kujaza weusi nusu ukurasa akakuachia jicho na ncha ya pua, na unamwona mtu mzima.

Nikatoa fotokopi tano za penseli yangu, nikawa najaza weusi kwa markapeni kutafuta pa kufukia kabla sijagusa manila yenyewe. Ya kwanza nikajaza kila mahali, shangazi akauliza huyu kavaa buibui la chuma? Ya nne ndo ikakaa: ndani ya kofia ya joho giza tupu, barakoa nimeiacha nyeupe karibu yote. Selotepu nikabandua, karatasi ikawa inazunguka kama mguu wa biarusi, nikaweka na mto chini ya kiwiko. Vile vidoti vyeusi vya Kirby vya nguvu inayolipuka nimevipiga kwa vijiti vya piko alivyonipa shangazi, ncha upande mmoja vidogo, kitako upande wa pili vikubwa.

Kuna Vince Colletta, yeye kwenye kikundi chetu ni adui kuliko Doom, maana alipokuwa anapaka wino kurasa za Thor za Kirby alikuwa anafuta watu na majengo ya nyuma ili awahi. Na mi nilikuwa namtukana vizuri tu. Ila Ijumaa ileile nimemwona shangazi mwenyewe, wateja watano foleni, gari linapiga honi nje, maua ya vidole yakageuka vidoti vitatu vitatu na biarusi akashukuru. Colletta bado namlaumu, ila sauti nimepunguza.

Jumapili ilipofika yule wa Joker kaleta Joker wa kalamu ya Bic, sijui alikuwa wapi mwezi mzima. Wangu ulizunguka meza yote, kaka mmoja akawa anausogeza machoni akinusa kama wino umechapwa. Mi roho kwatu.

Nikampelekea shangazi. Akavaa miwani, akaangalia muda mrefu.

"Mguu wa kushoto umeukimbilia."

Kweli, saa nane usiku nilikuwa nimechoka.

"Jumamosi uje na vijiti vyako, nna maharusi watatu na yule mtoto aliyekuwa ananisaidia naye kaolewa."