Trekta dogo la shamba la machungwa: nilivyochagua la kwangu

Kila niliyemwambia natafuta trekta aliniuliza swali lile lile: "Hosipawa ngapi?" Ni swali la haki kwa mtu anayelima mahindi mamia ya eka kule Kiteto. Mimi nilikuwa nimenunua eka tisa Muheza. Sita zina michungwa iliyokwisha komaa, zilizobaki ni manyasi na kipande cha mteremko. Shamba la namna hiyo kazi yake kubwa si kulima, ni kufyeka kati ya mistari, maana masika na vuli zote zinatufikia na majani hayasubiri mtu. Halafu kuna kusomba: samadi kuingia, machungwa kutoka hadi barabarani fuso linakoishia.

Pawatila, trekta la magurudumu mawili linaloongozwa kwa kutembea nyuma yake, niliiondoa mapema. Zile zilizosambaa enzi za Kilimo Kwanza, kampeni ya serikali ya kuinua kilimo, kuanzia 2009, zinafaa kwenye majaruba ya mpunga. Mimi miaka sitini imeshanipita. Kushinda nyuma ya mashine inayorukaruka siwezi.

Lililonipa shida kulikataa ni Massey Ferguson 135. Lilianza kutengenezwa 1964, injini ni Perkins ya silinda tatu, nguvu kama hosipawa 45, na fundi asiyelijua sijakutana naye. Nikachukua futikamba nikaingia shambani. Michungwa imepandwa mita saba kwa saba, lakini matawi yametanuka, na palipobana nilipata mita mbili na kidogo. Massey ingepita, ila kwa kuparuza matunda. Tena inasukumwa na magurudumu ya nyuma tu, na udongo wetu mwekundu ukilowa pale mteremkoni unateleza kama sabuni.

Nikageukia matrekta ya mtumba kutoka Japani, Kubota na Yanmar za hosipawa ishirini na kitu. Yameundwa kwa mashamba madogo ya mpunga: mafupi, mepesi, mengi yanasukumwa na magurudumu yote manne. Kwa slasha, ile mashine ya kufyeka inayofungwa nyuma ya trekta, ya futi nne, hesabu ya wenye uzoefu ni hosipawa tano kwa kila futi, kwa hiyo nguvu inatosha.

Kasoro yake ni spea. Mengi yalitengenezwa kwa soko la Japani kwenyewe, na modeli zake hazilingani na zile za nje. Kabla ya kuzungumza bei nilizunguka maduka ya Tanga nikiuliza vitu vitatu: filta ya oili, mkanda wa feni na sahani ya klachi. Modeli ambayo filta yake haikuonekana dukani niliifuta, hata kama trekta lenyewe linang'aa.

Siku ya kukagua nilikwenda na fundi, asubuhi mapema. Kabla ya salamu kwisha alishaweka kiganja kwenye injini. "Ya baridi, mama. Sasa waliwashe tuone." Anasema trekta lililopashwa moto kabla mnunuzi hajafika linaficha ugumu wa kuwaka. Moshi ulitoka mweusi kidogo ukakatika; wa bluu ungekuwa oili inaungua. Akanyanyua rotaveta, kile kifaa cha nyuma chenye visu vya kusaga udongo, juu kabisa, akazima injini, tukaagiza chai. Vikombe vilipokwisha visu vilikuwa pale pale. La jirani yake, lenye rangi mpya, lilishaweka rotaveta chini kabla sijamaliza nusu kikombe. Hidroliki, mfumo wa oili unaonyanyua vifaa, inavuja ndani kwa ndani, na rangi haizibi hiyo.

Tulikagua pia PTO, ile shafti ya nyuma inayozungusha slasha na rotaveta. Matrekta haya huwa na spidi kadhaa za PTO na maandishi yote ni ya Kijapani, wakati slasha inataka mizunguko 540 kwa dakika. Fundi aliitambua gia yenyewe, akaitia alama ya rangi nyeupe ili kijana wangu asijekuweka ya juu akapasua gia boksi ya slasha.

Sharti moja sikulilegeza: chuma cha kinga nyuma ya kiti, cha kumwokoa dereva trekta likipinduka, na mkanda. Matrekta mengi ya zamani ya Japani huja bila, na mimi nina mteremko. Muuzaji aliona namsumbua bure. Nilichukua Kubota lenye chuma hicho, ingawa bei ilikuwa juu kidogo, na karibu theluthi ya bajeti nikaibakiza kwa slasha na tela.

Kile kipande cha manyasi, nikitaka kupanda mahindi, nakodi trekta kubwa lenye plau ya diski linapasua kwa siku moja. La kwangu linapita baadaye na rotaveta.