Baiskeli isiyo na keria

Aliyeniambia kwamba msitu wa Mabira huingiwa bure ni jirani yangu hapa Jinja, Uganda, na mpaka leo hajanilipa hata bei ya tyubu. "Ndugu yangu, msitu una mlango gani? Pita na njia za miwa alfajiri, nani atakuona?" Nilimwamini kwa sababu ana baiskeli mbili. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba zote mbili hazijawahi kuvuka soko.

Yangu ni baiskeli ya mlimani, ya mtumba, yenye gia ishirini na moja ambazo kumi na nne ndizo zinazotii. Barabara kuu ya Kampala siiendeshei. Malori yale yanakutupa mtaroni bila hata honi. Nilifungua magurudumu, konda wa taksi akaisukuma fremu chini ya kiti cha nyuma, nikalipa nauli ya mtu mmoja na kitu juu. Nikashuka kabla ya Najjembe, mahali pa kulipia kiingilio, nikajipenyeza kwenye miwa.

Saa ya kwanza nilijiona bingwa. Hondohondo walipita juu yangu, mabawa yao yakihema kama mtu aliyepanda ngazi. Halafu ikaja mvua. Ilikuwa Aprili, na mwenye akili angeitegemea. Majani yaliyooza yakilowa juu ya udongo ule mwekundu ni sabuni tupu. Kwenye mteremko mmoja nilibana breki ya nyuma kwa nguvu zote, gurudumu likagoma kuzunguka, likaburuta mpaka chini. Mimi nikaishia kwenye miiba, tyubu nayo ikapasuka. Nilipoinuka sikujua tena nilikotoka.

Nikasukuma baiskeli karibu saa nzima, mpaka nikasikia harufu ya moshi na sauti za watu. Kwa furaha nikapiga kelele: "Jamani, nipo hapa! Nisaidieni!"

Kwa wasioijua Buganda, hapa pana maelezo. Mimi nimekulia kambini, baba alikuwa mwanajeshi, na Kiswahili ndicho tulichokuwa tukizungumza nyumbani. Lakini kwa wengi wa huku, hasa wazee walioona enzi za Amin, mwanamume anayefoka kwa Kiswahili porini ni mwanajeshi au jambazi. Nilisikia panga likianguka, miguu ikitimka, kisha kimya. Nilipofika nilikuta tanuru linafuka, magunia matatu ya makaa yamezibwa mdomo kwa majani, na ndala moja ya mguu wa kushoto.

Nifanyeje? Nikakaa juu ya gunia nizibe tyubu. Na hapo ndipo askari wa misitu walipotokea.

Mtu, baiskeli, makaa. Nani huku hajui makaa husafirishwa na nini? Nilieleza habari za jirani, za mvua, za gia zangu, na kila neno lilizidi kunichimbia shimo. Mkubwa wao, mzee mwenye mvi, hakusema kitu. Aliizunguka baiskeli taratibu, akapitisha mkono nyuma ya kiti, akaniuliza kwa Kiswahili kisafi kuliko changu:

"Kijana, keria iko wapi?"

"Sina, mzee. Hizi huwa hazina."

"Sasa gunia ungelibeba kichwani?"

Wenzake walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nikajua nimepona.

Hawakuniachia hivihivi, walinirudisha kwa miguu. Tulipofika kwenye ule mteremko wangu, mzee alisimama. "Huu umeuchora wewe." Mfereji ulikuwa na upana wa vidole vitatu, na maji yalishaufanya njia yao, yalishuka humo mekundu kama chai ya maziwa, na mzizi mmoja mwembamba ulikuwa umeachwa uchi, mweupe. Akanieleza kwamba mguu wa mtu hukanyaga majani, lakini gurudumu linaloburuta huyachana, na mvua ikishaonyeshwa pa kupita haisahau. Niliona aibu kuliko pale kwenye magunia. Huu ni msitu ambao watu waliuandamania 2007, hekta 7,100 zilipotaka kutolewa zilimwe miwa, na wengine wakafa. Mimi nimekuja kuuchimba kwa breki.

Nilirudi Julai, ardhi imekauka. Safari hii nilishukia Najjembe penyewe, nikalipa kiingilio na pesa ya mwongozaji, na vyote pamoja havikufikia bei ya tairi zuri. Huyo jirani alikuwa ananiokolea nini hasa? Njia za baiskeli zipo, mwongozaji anazijua, na anaendesha vizuri kuliko mimi.

Alinifundisha kupunguza upepo kwenye matairi kidogo, yashike ardhi yasiteleze, na kubana breki zote mbili polepole badala ya moja kwa hasira. Dimbwi, pita katikati ulowe. Ukilikwepa pembeni na wa nyuma yako akakwepa zaidi, mwakani njia ina upana wa barabara. Ukikutana na wenye kuni, shuka, salimia kwa Kiganda. (Hilo la Kiganda nililielewa upesi.) Na tope la nyumbani ulioshe kabla ya kuja, usilete mbegu. Alinionyesha mforosadi wa karatasi, mti wa kigeni ulioteka sehemu zilizowahi kukatwa. Unauvunja leo, kesho unachipua kwenye mizizi. Tuling'oa miche kadhaa tukipumzika, nikatoka na malengelenge ambayo usukani haujawahi kunipa. Tulimalizia kwa muchomo (nyama choma) na gonja (ndizi za kuchoma) pale barabarani, kwa pesa yangu bila shaka.

Sasa tuko watano, tunaenda miezi ya kiangazi tu. Juzi jirani ameomba tumchukue. Nimemwambia aje, ila kwanza afungue keria.