Sarafu chini ya dawati

Juzi usiku mwanangu kaja na daftari lake la Kiingereza. "Baba, hapa pameandikwa 'the penny dropped'. Hiyo peni imeanguka wapi?"

Kabla sijamjibu nilikuwa nimesharudi Chake Chake, kidato cha kwanza, chini ya dawati.

Mwalimu alitufafanulia somo hadi sauti ikamkauka, kisha akauliza kwa Kiingereza kama peni imeshaanguka. Nikatia mkono mfukoni. Mfuko umetoboka. Nauli yangu ya kurudia, shilingi tano ile ya pembepembe, haimo. Nikainama. Naliona hadi leo lile vumbi la chaki, ndara za wenzangu, kokwa za ubuyu zilizotemwa. Nikapapasa kila ufa wa sakafu kwa ncha ya kidole.

"Unatafuta nini?"

"Peni yangu, mwalimu."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Akatueleza kuwa Uingereza kulikuwa na mashine za kutumbukizia peni. Pengine peni hukwama. Unangoja weee, mara inaanguka na mashine inaanza kazi. Ndivyo asemwavyo mtu aliyechelewa kufahamu jambo, kisha ghafla likamwingia. Anayefahamu papo hapo haambiwi hivyo.

Shilingi sikuipata. Nikashika njia ya Vitongoji kwa miguu. Mbele yangu, kwenye kivuli cha mikarafuu, nikamwona mama anatoka sokoni, kikapu kitupu kichwani, ndara mkononi. Asubuhi alinipandisha gari, akasema yeye atakuja na la nyuma.

"Gari zimejaa leo, mwanangu. Na wewe je?"

Nikamwambia nimepoteza nauli. Hakunigombeza. Usiku akanishonea mfuko kwa uzi mweusi, mshono juu ya mshono.

Nikamwamini, na miaka yote hii nimeendelea kumwamini. Juzi, katikati ya kumweleza mtoto habari za mashine, nikaziona tena nyayo za mama: nyufa za visigino zimejaa udongo mwekundu, udongo ulioganda humo siku nyingi, si wa safari moja. Nauli ilikuwa ya mtu mmoja.

"Baba, mbona umenyamaza?"

Jana nilimpigia mama simu. Tukazungumza mvua, tukazungumza karafuu. Nikamuuliza miguu inamsumbua? Akasema haimsumbui, mzima tu.