Kikombe cha maji getini

Kaskazi imekaza wiki hii. Ikifika saa sita, lami ya kutoka Kengeleni kwenda soko la Kongowea, hapa Mombasa, inachoma hata ukiwa na kandambili, na wenye mikokoteni wanasukuma magunia ya vitunguu huku shati limewaganda mgongoni. Nimeshinda na Mathayo 10:42, ule mstari wa kikombe cha maji ya baridi. Tumeuhubiri mara nyingi kuliko tulivyoteka hayo maji.

Mtungi mmoja wa udongo kwenye geti la kanisa unatosha kuanzia. Ule wa lita 20 unatoa vikombe 80 vya robo lita. Mpya uloweke usiku kucha na umwage maji ya kwanza, maana yana harufu ya udongo na mtu akiyaonja harudi. Usiupake rangi nje. Maji hupoa kwa sababu yanapenya kwenye udongo na kukauka kwa upepo. Rangi inaziba vitundu, mtungi unabaki kuwa ndoo nzito tu. Hewa ya Mombasa ina unyevu mwingi, kwa hiyo bila upepo haupoi. Uweke kivulini, upande unaopuliziwa kutoka baharini, juu ya karai la mchanga uliolowa.

Maji yenyewe ndiyo kazi. Ya kisima kisiwani na hata huku bara mara nyingi yana chumvi, na kuchemsha hakuiondoi, kwa hiyo nunua ya kunywa. Yakija kwa jerikani za mkokoteni, yachuje kwa kitambaa safi, tia dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, ungoje nusu saa. Dawa itiwe ndani ya jerikani, kabla ya kumimina mtungini: udongo hula sehemu ya dawa, na ukiitia humo utadhani maji yako salama kumbe siyo. Kifuniko kisikose, kwa kuwa mbu wa dengue hutaga kwenye maji safi yaliyotulia. Kila jioni mwaga, sugua, anika.

Kata ya kuchotea iwe na mpini mrefu, itundikwe, isiguse mdomo wa mtu. Vikombe vioshwe kwa sabuni. Kikombe chenye ukoko wa midomo ya jana kinamwambia mpita njia kwamba anapewa masalio, na hapo mahubiri yote yameharibika.

Vipi kuhusu kubandika aya kwenye mtungi? Mimi nakataa. Wengi wanaopita hapa ni Waislamu, na mwenye kiu akisoma karatasi ataanza kujiuliza kama maji yana masharti. Wengine watauliza wenyewe.

"Mnauza?"

"La, babangu, kunywa."

"Sadaka ya nini?"

"Bwana Yesu alituagiza tumnyweshe mwenye kiu."

Basi, inatosha. Petro anatutaka tuwe tayari kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, tena kwa upole (1 Petro 3:15). Atuulizaye. Ukimfuata mtu na kipeperushi kikombe kikiwa bado mdomoni, umegeuza maji kuwa chambo, naye atapitia upande wa pili wa barabara kesho.

Mwezi wa Ramadhani usimwite mtu kunywa mchana. Usogeze mtungi ndani ya geti, anayehitaji ataufuata. Magharibi ikikaribia urudishe nje umejaa, na sahani ya tende kando, kwa aliyekutwa na adhana njiani.

Kengele iliyoipa Kengeleni jina ni ya Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru katika miaka ya 1870. Ililia kuwaonya kwamba wakamataji wanakuja. Naipenda sana habari hiyo: chuma cha kanisa kikifanya kazi ya kulinda mwili wa mtu, kila asikiaye akielewa bila kufafanuliwa.

Linaloharibika mara nyingi zaidi ni Jumapili. Sote tuko ndani tunaimba, mtungi umekauka tangu saa tatu, na mikokoteni haina Jumapili. Dawa yake ni zamu: anayesali ibada ya kwanza asiende nyumbani moja kwa moja, apitie getini ajaze, aoshe vikombe, akae hapo mpaka ya pili imalizike.