Saini yangu ya kujificha

Nilianza kuitwa dokta nikiwa mwaka wa kwanza wa masomo, wakati nilichokijua barabara ni majina ya mifupa. Nikirudi Micheweni likizo, majirani wanakuja barazani na vipaketi vya dawa: "Dokta, hizi niendelee nazo?" Nami natikisa kichwa kama mtu anayejua. Jina tamu lile, na si rahisi kulikataa mbele ya mama yako.

Miaka mitano ikapita, nikaingia mwaka wa mazoezi ya kazi katika hospitali moja hapa Pemba: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, wodi ya wazazi. Kwenye mafaili nikawa na saini yangu, mkwaruzo mmoja usiosomeka. Nikijiambia ni haraka za kazi. Haraka gani! Ilikuwa woga. Jambo likiharibika, nani atajua ni mimi?

Usiku mmoja tulikuwa na mzazi wa mimba ya kwanza, presha 170 kwa 110, kichwa kinampasuka, macho yanaona vimulimuli. Alishaanzishiwa magnesiamu, sindano ya kuzuia kifafa cha mimba, inayorudiwa kila baada ya saa 4. Mkunga wa zamu alikuwa na mzazi mwengine aliyekwisha kusukuma, dozi nikaichoma mwenyewe. Nikaandika "imetolewa", nikakwaruza, nikaondoka. Saa sikuandika.

Asubuhi mkunga mkongwe, ambaye sote tukimwita Bi Mkubwa, akaniita na faili mkononi.

"Hii katoa nani?"

"Mimi, Bi Mkubwa."

"Wewe nani? Hapa mie naona njia ya siafu. Na kaitoa saa ngapi?"

Saa tisa? Saa kumi? Sikuwa na hakika. Dawa ile ikizidi mwilini huzima pumzi. Ikichelewa, degedege linaweza kuja. Bi Mkubwa hakugomba tena. Alinivuta mpaka kitandani, tukahesabu pumzi dakika nzima: 18, na zisipungue 16. Tukatazama mfuko wa mkojo, usiopaswa kuwa chini ya mililita 30 kwa saa. Nyundo ya kupimia goti haikuwepo karibu, akagonga chini ya goti kwa ukingo wa kiganja, mguu ukaruka, dalili kuwa dawa haijazidi. Kichupa cha kalisiamu, dawa ya kuipinga magnesiamu, akakiweka juu ya meza pale pale. Kisha akaniashiria simu.

Nikampigia bingwa. "Dozi ya usiku nimeitoa mimi, saa sikuandika." Maneno machache, jasho tele. Akauliza tulichokikuta, akasema, "Hesabu tokea saa kumi, na usimwache." Basi. Mzazi alijifungua salama siku ile ile.

Tangu hapo naandika jina kamili kwa herufi kubwa, tarehe na saa. Nikanunua na daftari la skuli. Kila zamu ikiisha naandika, bila majina ya wagonjwa, nililolifanya peke yangu, na niliyepaswa kumwita mapema nisimwite. Hilo la pili ndilo lililojaza kurasa. Mwenzangu alikuwa akinitania kuwa naandika barua za mapenzi. Na kule barazani nikaanza kusema, "Hii siijui, twende kituoni." Ami yangu mmoja alinuna wiki nzima, kusoma kote huko!

Mwezi uliopita, sokoni Chake Chake, siku yangu ya mapumziko, mzee mmoja alinisikia nikiitwa kwa jina. Akatoa kadi ya kliniki mfukoni, ikiwa imekunjwa mara nne.

"Ndiwe uloandika hapa?"

"Ndimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Basi dawa yako hii, maduka matatu nimezunguka, haipo."

Nikaweka chini mfuko wangu wa dagaa, tukakaa barazani kwa muuza kahawa, nikaikunjua kadi.