Kizunguzungu cha sikio na kizunguzungu cha hofu: ninavyovitenganisha

Kwa mtu mwenye hofu ya maradhi, kizunguzungu ni dalili ngumu kuliko nyingi, kwa sababu hofu yenyewe inaweza kukizalisha. Ukiogopa kinazidi, kikizidi unaogopa. Kilichonisaidia ni kujua kwamba nilikuwa na vya aina mbili vinavyopokezana, na kwamba dawa ya kimoja haitibu kingine.

Swali ninaloanza nalo ni hili: nilifanya nini sekunde chache kabla? Kizunguzungu cha chembe za sikio huanzishwa na mkao wa kichwa: kugeuka kitandani, kuinuka alfajiri, kuinama kufunga viatu, kutazama rafu ya juu. Hukawia kidogo, kisha chumba kinazunguka kwa nguvu, na kwa kawaida huisha kabla ya dakika moja ukitulia. Chembe hizo za chokaa kila mtu anazo katika sikio la ndani. Taabu huanza zinapodondokea kwenye mmoja wa mifereji mitatu ya sikio hilo, mara nyingi ule wa nyuma, zikawa zinasukuma maji yake kila kichwa kinapogeuka. Ubongo unaambiwa unazunguka, kumbe umelala tuli.

Kile cha hofu hakijali mkao. Kichwa kinakuwa chepesi, miguu kama inakanyaga godoro, midomo na ncha za vidole zinaingia ganzi, na hali inaweza kukaa nusu saa au zaidi. Ganzi hiyo ndiyo humpeleka mtu mbio hospitali akidhani ni kiharusi. Mara nyingi sababu yake ni kupumua kupita mahitaji: unatoa hewa ya kaboni nyingi mno, na mishipa ya damu ya ubongo inasinyaa kidogo. Kwa hiyo ushauri wa "vuta pumzi ndefu" unaongeza tatizo. Ninachofanya ni kufunga mdomo, kuvuta kwa pua taratibu kwa hesabu ya 4, na kutoa kwa hesabu ya 6, tumbo likipanda badala ya kifua. Dakika 5 hadi 10. Dakika mbili za mwanzo huwa hazionyeshi mabadiliko, na hapo ndipo wengi huacha.

Kuna dalili ambazo mimi huwa sijadiliani nazo: ulimi mzito, mdomo kupinda, mkono au mguu mmoja kulegea, kuona viwili, kushindwa kusimama au kutembea kabisa, kichwa kuuma ghafla kuliko wakati wowote, sikio kuziba ghafla lisisikie, kuzimia, maumivu ya kifua. Hizo ni za hospitali saa ileile. Nimeziandika kwenye karatasi nyuma ya mlango, kwa sababu akili yenye hofu ikiachiwa itaongeza nyingine kila usiku.

Chembe zinarudishwa kwa kugeuza kichwa kwa mpangilio ambao daktari John Epley wa Marekani aliuchapisha mwaka 1992. Mara ya kwanza ufanyiwe na daktari au mtaalamu wa viungo, hasa kama shingo, mgongo au macho yana matatizo. Sikio lenye shida ni lile ambalo ukilala chali kichwa kimegeukia upande wake, chumba kinazunguka. Tuseme ni la kulia.

Kaa kitandani miguu imenyooka, mto nyuma yako mahali mabega yatakapoangukia. Geuza kichwa kulia nyuzi 45, yaani pua iwe katikati ya mbele na bega. Lala chali bila kusitasita, mabega juu ya mto, kisogo kikiangukia nyuma kwenye godoro. Subiri sekunde 30, na kama bado kunazunguka, subiri kuishe. Geuza kichwa nyuzi 90 kwenda kushoto bila kukiinua, subiri tena. Sasa geuza mwili mzima ulalie ubavu wa kushoto, pua ikielekea chini, subiri. Kisha inuka ukae kutokea ubavu huohuo, kidevu kikiwa chini.

Makosa ni yaleyale kila mara. Kichwa kinainuliwa wakati wa kugeuza, mtu anakatisha kwa sekunde kumi kwa woga, au anatibu sikio lisilo lake. Na ikiwa kinakuja kwa nguvu ukigeukia pande zote mbili kitandani, huenda chembe ziko kwenye mfereji mwingine, na huo una mpangilio wake. Baada ya kufanya, kuyumbayumba kidogo kwa siku kadhaa ni kawaida. Mwenye hofu huchukua kuyumba huko kama ushahidi kwamba imeshindikana, akajipima mara kumi usiku huohuo. Mimi najipima mara moja tu, kesho yake.

Presha pia huipima mara moja, na kwa utaratibu: lala dakika 5, pima, simama, pima baada ya dakika 1 na tena dakika ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, mpelekee daktari. Kupima mara ishirini kwa siku kunapandisha presha kwa wasiwasi tu. Usimeze dawa ya malaria kwa sababu ya kizunguzungu bila kipimo. Upungufu wa damu nao uangaliwe. Vidonge vya kizunguzungu vya duka la dawa havirudishi chembe, na vikitumika muda mrefu vinachelewesha ubongo kuzoea.

Kuna kizunguzungu kinachobaki zaidi ya miezi 3, kikizidi ukisimama au ukiwa sokoni penye watu wengi. Hicho ni ugonjwa halisi, unatambulika na unatibika kwa mazoezi, ushauri wa kisaikolojia na wakati mwingine dawa. Zoezi ninalolipenda: nyoosha mkono, kazia macho ukucha wa kidole gumba, kisha tikisa kichwa kulia na kushoto kwa kasi ambayo ukucha unabaki kuonekana wazi. Sekunde 30, mara tatu kwa siku, ukipandisha taratibu hadi dakika moja. Kitaamka kizunguzungu kidogo, na bila hicho ubongo hauna cha kujifunzia. Kushika ukuta na kukaza shingo siku nzima kunafanya kinyume chake.